Uchambuzi wa kisa: mkamwana anayemuuguza mavyaa yake, Lamu, Ramadhani ya Machi 2025

Kabla ya kuanza

Hiki ni kisa cha kweli kutoka mji wa Lamu. Mwenyewe ameridhia kiandikwe, na mavyaa yake tulimuuliza pia, akakubali kwa kichwa. Majina sikuweka, mtaa sikutaja, na vitu vingine vidogo nimevibadilisha ili mtu asikae akahesabu nyumba mpaka akajua ni nani. Nitawaita mkamwana, yaani mke wa mwana, na mavyaa, mama wa mumewe, basi.

Mimi nimehusika kama mhamasishaji wa afya ya jamii, wale tunaozunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine ya presha. Nakiandika manake nyumba za namna hii ni nyingi, na mara nyingi twaingia, twapima mgonjwa, twaandika, twatoka, na yule anayeuguza amesimama pale mlangoni hakuna aliyemuuliza jana amelala saa ngapi.

Usuli

Mavyaa ana zaidi ya miaka 70. Alipata kiharusi kwenye kusi, msimu wa upepo wa kusini, ya 2024, upande wa kulia ukafa na maneno yakapotea. Kuelewa aelewa kila kitu, ukimtania acheka, lakini akitaka maji aweza kutoka na neno "mlango", halafu mwenyewe ajisikia kwamba si hilo, akasirika, anyamaza hata siku nzima. Hospitali alikaa, kisha akarudishwa nyumbani kwa kiti kilichobebwa na vijana wanne, vichochoro vyetu mwavijua, gari hakuna, ngazi kila kona, na punda si usafiri wa mtu asoweza kujishika.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, ina ghorofa, na mavyaa alilazwa chumba cha juu kwa ajili ya upepo. Nataja hili kwa sababu litakuja kuwa na maana. Chumba hicho kiko karibu na wikio, lile daraja la juu ya njia linalounganisha nyumba mbili, ambalo wanawake wa zamani walikua wakipitia kutembeleana bila kushuka chini. Wikio hilo laenda kwa jirani, na mlango wake ulikua umefungwa miaka mingi, umeegemezwa kabati.

Mkamwana yuko kwenye thelathini na kitu, ana watoto watatu wa shule. Mume yuko Mombasa kikazi, hutuma pesa, huja akipata ruhusa. Wifi yake yuko Mombasa pia, kaolewa huko. Karibu yao yuko mjukuu wa mavyaa, mtoto wa mwana mwengine, kijana ambaye ni mvuvi. Kabla ya ugonjwa mkamwana alikua ashona kofia, zile za mkono ambazo moja yaweza kukuchukua miezi, na kila baada ya alasiri alikua akae na wenzake washone na kuzungumza. Mavyaa pia hupata zile shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali, zote zaenda kwenye daipa na hazitoshi.

Hali ilivyokua kufika Machi

Machi kwetu ni malelezi. Kaskazi imechoka, kusi haijashika, hewa imesimama na joto ni lile la kukaa nalo usiku kucha. Mwaka 2025 Ramadhani nayo ikaanguka hapo hapo, ikaanza mwanzo wa Machi ikaisha mwisho wake. Na kabla ya Ramadhani kuna Shaabani, mwezi wa harusi, kila nyumba ina kesha, kila mwanamke ana nguo kwa fundi. Mkamwana hakuenda hata harusi moja. Ya binamu yake mwenyewe alituma tunzo tu. Alinambia kilichomuuma hasa ni kwamba zile harusi za mwisho hata kualikwa hakualikwa, watu walishazoea kusema "yule ana mgonjwa, msimsumbue". Hakuna aliyekua na nia mbaya hapo, walikua wakimhurumia, lakini huruma ya namna hio ndio iliyomtoa kwenye mji akiwa ndani ya mji.

Siku niliyokwenda presha ya mavyaa ilikua nzuri. Nikamwambia mkamwana akae na yeye nimpime. Yake ndio ilikua juu. Akacheka kidogo, akasema, "Mimi sina huzuni, nimekauka tu."

Tukachukua daftari la mtoto tukaandika siku yake yote tangu daku, sio kwa kukadiria, kitu kwa kitu. Kumgeuza mavyaa kila saa mbili asipate vidonda, usiku na mchana. Daipa. Kumwosha. Uji mzito kwa kijiko, amekaa wima, na akimaliza abaki wima kama nusu saa asije akapaliwa. Dawa za presha. Kumnyoosha mkono na mguu kama alivyofundishwa na wa fiziotherapia. Shuka, kila siku shuka. Hapo hujaweka watoto, na futari, na Ramadhani ina mapishi yake hata kama ni nyumba ya watu watano. Kulala kwenyewe kulikua vipande vipande, saa moja hapa, saa na nusu pale.

Kuna dodoso linalotumika duniani kupima mzigo wa anayeuguza, la Zarit, lina maswali 22. Sikulifungua mbele yake, lakini nilimuuliza baadhi ya mambo yake kwa maneno yetu, kama ahisi hana wakati wa nafsi yake, kama aona haya kuleta watu nyumbani, kama ahisi atashindwa siku moja. Nikamuuliza pia wazi wazi kama imewahi kumjia fikra ya kutaka kufa au kujidhuru. Hapana. Kama hamu ya kula imeondoka, kama alia bila sababu zaidi ya wiki mbili, kama akipata nafasi ya kulala usingizi haumji. Kula ala, na akipata dakika kumi asinzia akiwa amekaa. Hilo la mwisho lilinisaidia sana kuamua, manake mtu asoweza kulala hata akipewa nafasi huyo nampeleka kliniki kwanza, na mtu anayesinzia akishika ukuta huyo kwanza mpe usingizi. Kwa ajili ya presha alikwenda kliniki pia, wakamrudia kipimo siku kadhaa.

Maamuzi, na kwa nini

Tulianza na usingizi kabla ya furaha. Watu wa nyumba walikua wakimwambia asikilize mawaidha kwenye simu, avute subira, atabasamu. Sina ubaya na mawaidha, lakini yeye mwenyewe alisema akiyasikiliza alala kabla ya bismillahi kwisha.

Nani atakesha? Jibu lilikua nje ya nyumba limekaa. Ramadhani vijana wetu hawalali, wakitoka tarawehe ni barazani mpaka daku. Yule mjukuu alikua kila usiku yuko macho hatua kidogo kutoka kitanda cha nyanya yake. Tukamwita, hatukumlaumu, tukamfundisha mambo mawili tu: kumgeuza kwa shuka, yaani waivuta shuka iliyo chini yake badala ya kumvuta mkono, na kumweka mito nyuma ya mgongo na baina ya magoti. Daipa hakupewa, ni mwanamke na ni nyanya yake, mavyaa angeona fedheha, hilo likabaki kwa mkamwana kabla ya kulala na tena wakati wa daku. Kwa hivo kuanzia saa nne usiku mkamwana alala, chumba chengine, mlango umefungwa, mpaka saa tisa. Kijana akawa aja na rafiki yake mmoja wapiga keram, ule mchezo wa ubao, pale msana, ukumbi ulio nje ya chumba, taratibu, na kila saa mbili simu ikilia aingia kumgeuza. Mavyaa akapenda. Tangu augue alikua hajakaa na vijana.

Pili ikawa simu ya wifi. Wifi alikua apiga simu wakati wowote, na swali lake la kwanza huwa "mbona mama amekonda kwenye ile picha". Mkamwana ikawa simu ikilia moyo wadunda. Tukamwomba mume azungumze na dadake, yeye, sio mkewe, na ombi liwe moja tu: apige kila siku saa nne asubuhi, azungumze na mama moja kwa moja, simu imewekwa spika kwenye mto. Wakati huo mkamwana ashaondoka, yuko juu ya paa aanika nguo na kupunga upepo kama upo. Sababu ni kwamba mgonjwa aliyepoteza maneno bado ahitaji kuzungumziwa, na wifi alikua na hamu ya kuhusika ila mlango pekee alioujua ni wa kukagua.

Grupu la WhatsApp la familia tuliamua lisitumike kuomba msaada. Mlikua humo watu zaidi ya ishirini, na kila mkamwana akiandika amechoka wamwandikia "tuko pamoja, inshallah kheri" na mikono ya dua, siku yapita. Mume akaanza kuandikia mtu mmoja mmoja, kitu kimoja kimoja. Wewe Ijumaa futari ya nyumba ile ni yako. Wewe daipa za mwezi huu. Wewe wachukue watoto Jumapili baada ya adhuhuri. Waliokubali ni wachache kuliko walioandika tuko pamoja, lakini hao wachache walifanya.

Halafu wikio. Hili wazo lilikua la mkamwana mwenyewe. Alisema yeye hataki kutoka kwenda kukaa kwa watu huku roho iko nyumbani, ataka watu waje ila bila ile shughuli ya wageni, kushuka, kuvaa, kusafisha tekani, pale pa kuingilia nyumba. Wakaondoa kabati, mlango ukatiwa mafuta, jirani upande wa pili akakubali, na baada ya alasiri wale wenzake wa kofia wakawa wapanda kwa jirani wavuka juu kwa juu, waja kukaa chumbani kwa mavyaa na kofia zao.

Kilichofanya jambo hili lisimame ni kwamba ilikua Ramadhani. Sisi mgeni akija lazima umkirimu, hakuna namna, kahawa, kaimati, chochote, na mwanamke aliyechoka akisikia hodi afikiria jiko kabla ya kufikiria mtu. Mchana wa Ramadhani hakuna chai. Wageni wakaja, wakakaa, wakashona, ikikaribia magharibi wakaondoka kwenda kupika kwao, na hakuna kikombe hata kimoja cha kuosha. Mkamwana akashika sindano tena. Siku za mwanzo hakuwa ashona kitu, ashikilia tu kitambaa na kusikiliza habari za mji, nani kaposwa, nani karudi safari, zile harusi za Shaabani zilivyokua, na akacheka hasa, kicheko cha sauti.

Na hapo hapo likatokea jambo ambalo hatukulipanga. Siku moja mwenzao mmoja akishona alianza kasida, shairi la dini la kuimbwa, polepole, wengine wakaitikia, na mavyaa akaitikia nao. Maneno kamili, mstari mzima. Mtu asoweza kuomba maji! Mkamwana alilia, na mimi nilipoelezwa nilifurahi mno ila sikushangaa, kwa sababu hili lajulikana: aliyepoteza maneno kwa kiharusi mara nyingi bado aweza kuimba, kusoma Fatiha, kuhesabu, vitu vilivyokaa moyoni tangu utotoni, manake ubongo hauvichukui njia ile ile kama unapotafuta neno jipya. Haina maana kwamba amepona. Lakini kwa nyumba ile mavyaa akawa tena mtu aliye na kitu cha kuwapa wenzake.

Yaliyoharibika

Idi ilikua mwisho wa Machi, na mambo mawili yakavunjika kwa mpigo.

La kwanza, familia ikaona mkamwana afadhali apewe mapumziko ya maana, siku tatu kwa wazazi wake kijiji cha Matondoni, na wifi aliyekuja kwa Idi abaki na mama. Nia nzuri kabisa. Lakini makabidhiano hayakufanyika, mkamwana aliondoka asubuhi na chombo, wifi akaachiwa mgonjwa na begi la daipa. Akamlisha vizuri, akampaka udi, akamvalisha, akamzungumzisha, ila kumgeuza usiku alimwonea huruma kumwamsha. Siku ya tatu kulikua na wekundu juu ya tako ambao ukiubonyeza hauondoki, ndio mwanzo wa kidonda cha kulalia, na kwa huruma tena akakandwa pale pale kwa mafuta ya nazi, jambo ambalo halitakiwi, sehemu iliyobadilika rangi haikandwi, yaondolewa uzito tu. Mkamwana aliporudi akajilaumu kwamba ndio matokeo ya yeye kwenda kustarehe. Ile nafuu ya mwezi mzima karibu ifutike kwa hilo.

La pili ni chai. Baada ya Idi wenzake wa kofia waliporudi ikawa sasa si Ramadhani, na mkono wa mkamwana ukaenda wenyewe kwenye birika. Hawakuomba, lakini hawakukataa. Baada ya wiki mbili aliniambia kwa haya sana kwamba wakija achoka kuliko wasipokuja. Na mjukuu naye usiku hakeshi tena, alfajiri ana bahari.

Jinsi ilivyorekebishwa

La chai nilimwomba jirani wa wikio aliseme yeye, kwa sababu yeye ni mtu mzima na mkamwana hawezi kumwambia mgeni wake asinywe. Jirani akasema mbele ya wote, tena kwa kicheko, kwamba kuanzia leo thermosi yavuka na wageni na vikombe vyarudi vichafu kule kule. Ikaisha. Maneno yale yale yangetoka kwa mkamwana yangekua utovu wa adabu.

Wifi kabla hajarudi Mombasa tulikaa naye, mkamwana akamwonyesha kumgeuza, akafanya mwenyewe usiku mmoja mzima. Sitasema alibadilika akawa mtu mwengine. Bado maneno yake yana makali. Ila ile "mbona amekonda" imepungua, na daipa sasa zaja na basi kila mwezi, na ile simu ya saa nne haijakosa ila siku chache.

Wekundu uliondoka ndani ya siku chache kwa kumgeuza sawasawa na kutomlalisha upande ule. Kidonda hakikufunguka, alhamdulillahi.

Usiku ndio ulikua mgumu. Mwisho wakapata njia ya nusu nusu: mjukuu achukua usiku wa kuamkia Ijumaa na usiku mwengine mmoja asipokwenda baharini, na ilipofika Juni kusi ikachafuka vyombo vidogo havitoki, usiku wake ukaongezeka. Siku nyengine mkamwana ajigeuzia mwenyewe. Kitanda nacho kilikua cha kamba, kimebonyea katikati, kila kumgeuza ni kupigana nacho. Kikabadilishwa kwa cha mbao na godoro gumu kidogo, miguu ikainuliwa kwa matofali mpaka usawa wa nyonga ya mkamwana, na maumivu ya mgongo aliyokua ayaita uzee yakapungua sana.

Matokeo

Mpaka Julai: mavyaa hajatembea, akaa kitini akishikiliwa, maneno ya kawaida aliyopata ni machache, kasida ni nyingi. Presha ya mkamwana imeshuka, kliniki waliona yapanda siku zinazofuata usiku wa kukesha na hawajamwanzia dawa, waendelea kumfuatilia. Kofia yafika nusu. Amekwenda kesha moja la harusi, akarudi saa sita usiku, jirani akiwa amekaa na mavyaa. Siku mbaya anazo, na huwa amwambia mtu sasa badala ya kungoja nije na mashine.

Uchambuzi

Kwa maoni yangu jambo lililobeba kisa hiki ni kwamba kila msaada ulikua na saa na mtu. Saa nne asubuhi ni wifi. Baada ya alasiri ni kofia. Anayeuguza akijua saa fulani si yake kubeba, hata kabla haijafika ashaanza kupumua. Msaada wa "ukihitaji niambie" wamwachia kazi ya kuomba, na kuomba kwetu kuna haya, khasa kwa mkamwana ndani ya nyumba ya mavyaa yake, akilalamika aonekana hamtaki mzee. Ndio maana nasisitiza maombi yote makubwa yalitoka kwa mume au jirani. Mume alikua mbali na bado alifanya kazi kubwa kwa simu, kwa kuyachukua yale maneno ambayo mkewe hangeweza kuyasema.

Kuleta watu chumbani kwa mgonjwa kulifaa hapa kwa sababu mavyaa ni mpenda watu. Kwa mgonjwa anayeona haya, au anayechafukwa na kelele, ningefanya kinyume, ningetafuta wa kukaa naye ili anayeuguza atoke. Muulizeni mgonjwa kwanza. Hata asiyesema ana uso.

Mapumziko ya Matondoni hayakuwa wazo baya, yalikosa makabidhiano. Wa kushika zamu afanye usiku mmoja wakati mwenyewe bado yupo, na daftari lenye saa za kugeuza libaki juu ya kitanda. Siku tatu za mwanzo pia ni nyingi, ningeanza na alasiri moja, halafu usiku mmoja.

Na Ramadhani iliwasaidia kwa mambo mawili ambayo hayakudumu, vijana walio macho na wageni wasiokunywa chai. Mipango yote miwili ilianguka wiki ya Idi, na wiki hio hio ndio mkamwana alikua ameondoka. Kwa nyumba nyengine ninayoifuatilia sasa nimeanza kuuliza mapema, msimu ukigeuka nani ataondoka kwenye zamu na nani ataingia. Kwa nyumba hii swali hilo liko wazi bado: kusi ikitulia kwenye Septemba vyombo vyatoka tena, mjukuu arudi baharini, na yule rafiki yake wa keram, ambaye ni fundi wa mbao na alfajiri hana safari, amesema atajaribu usiku mbili kwa wiki kama mamake ataridhia. Mamake ataka kuja kuona mwenyewe kumgeuza kunafanywaje, na atakuja kwa wikio.